NYASI HIZI ZINATUNYWEA MAJI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wengi mwaka huu wameandika kuhusu nidhamu, mapenzi na mitihani. Mimi nimeamua kuandika kuhusu jambo ambalo sote tunalikanyaga kila asubuhi, au tuseme tunakatazwa kulikanyaga, yaani zile nyasi zilizo mbele ya ofisi.

Maoni yangu nitayasema waziwazi. Nyasi zile ziondolewe. Mahali pake pafanywe uwanja wenye miti ya kivuli inayokunywa maji kidogo, na kazi hiyo wapewe mafundi wa hapa hapa Garissa badala ya kontrakta wa kutoka mbali. Najua wako watakaosema, "Huyu mtoto ametumwa na nani?" Sijatumwa na mtu. Nimetumwa na mtungi wa lita tano.

Sisi wa shule ya kutwa tunaelewa mtungi huo. Ukifika msimu wa Jilaal, kuanzia Januari hadi Machi, mfereji hukauka, na tangazo la paredi ni lile lile: kila mwanafunzi aje na maji. Maji yenyewe nyumbani tumeyanunua kwa mwenye mkokoteni wa punda, tena kwa bei ya kiangazi. Mama anapima ya kupika, ya kunywa, ya wudhu na ya kufua sare, kisha mimi nachukua lita tano nakwenda kumwaga juu ya nyasi ambazo hata mbuzi haruhusiwi kuzila. Jamani, hii ni haki kweli?

Hebu tupige hesabu, maana Mwalimu wa Hisabati hutuambia kwamba hesabu haina upendeleo. Uwanja ule tumeupima mimi na mwenzangu kwa hatua, nao una kama mita 20 kwa mita 15, yaani mita 300 za mraba. Katika jua kama letu, nyasi zinazotakiwa kubaki kijani zinahitaji kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hizo ni lita 1,500 kila siku, sawa na mitungi 75 ya lita 20. Sasa chukua miti 60 michanga. Ukiupa kila mti mtungi mmoja wa lita 20 kwa wiki, ukaufunika vizuri shinani, utakua. Miti yote 60 itakunywa lita 1,200 kwa wiki nzima. Kwa maneno mengine, maji wanayopewa nyasi kwa siku moja yanazidi maji ya miti 60 kwa siku saba. Na miti ile baada ya miaka miwili au mitatu, mizizi ikishashuka chini, haitakuomba tena kila wiki. Nyasi zitaomba mpaka Kiyama.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na mimi naongeza kwamba ardhi kavu haidanganywi. Katika Jiografia tumesoma kwamba Garissa hupata mvua ya takriban milimita 300 hadi 400 kwa mwaka, nayo huja kwa misimu miwili: Gu, mnamo Aprili na Mei, na Deyr, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Nairobi hupata kama milimita 1,000, na Kakamega karibu 2,000. Mtu akichukua bustani ya Nairobi akaibandika hapa ni kama mtu anayevaa sweta la Limuru saa nane mchana pale sokoni Garissa. Sweta ni zuri, sikatai, lakini litakuua.

Tena mvua zenyewe si za kutegemea. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwanzoni mwa mwaka 2023, misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha, na mifugo ya watu wetu ikafa kwa maelfu. Kisha Novemba 2023 zikaja mvua za El Niño, na mwezi wa Aprili na Mei 2024 mto Tana ukafurika tena, watu wakahama Madogo na mitaa ya karibu na mto, barabara ikakatika. Kwa hiyo uwanja wa Garissa unatakiwa uweze mambo mawili: kuvumilia ukame, na kuyashika maji yakija kwa fujo. Zile nyasi haziwezi hata moja. Wakati wa kiangazi zinanyauka, na mvua kubwa ikinyesha maji yanapita juu yake mbio mpaka kwenye mtaro.

Wengine wataniambia kwamba nawaza mambo ya umaskini, ati shule bora lazima iwe na nyasi. Basi tuwaangalie matajiri. Mji wa Las Vegas, huko Nevada, Marekani, uko jangwani na hupata mvua kidogo kuliko sisi. Mwaka 2021 bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria kwamba nyasi za mapambo tu, kama zile za kando ya barabara na mbele ya maofisi, zisizotumiwa na mtu kwa mchezo wala mapumziko, zisinyunyiziwe tena maji ya mto Colorado kuanzia mwaka 2027. Kabla ya hapo, mwaka 1981, shirika la maji la mji wa Denver lilianza kuwafundisha wananchi kupanda bustani za maji machache. Hao wana pesa, wana mabwawa na mabomba, na bado wamesema nyasi za kutazamwa tu ni hasara. Sisi wa mkokoteni wa punda tunangoja nini?

Sasa nije kwenye suala la mafundi, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Bustani ile ilitengenezwa na kontrakta aliyetoka mbali. Alikuja na lori limejaa miche na mabunda ya nyasi kutoka sehemu za baridi. Vijana wake walifanya kazi siku nne, picha zikapigwa, akalipwa, akaenda. Mawaridi hayakumaliza mwezi. Ule ua wa mimea ulioandamana na njia ulikufa likizo ya Desemba, kwa sababu hakuna aliyefikiria kwamba shule hufungwa na wanafunzi wanaobeba maji huenda nyumbani. Sisemi huyo bwana ni mwizi. Nasema hakulijua jua letu, na hakuna kilichomlazimisha kulijua, maana malipo yake hayakutegemea kama mche uko hai au umekufa.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Hapa Garissa miti ipo na wajenzi wapo, ila hatuwaoni. Tembeeni kando ya mto Tana mwone mashamba ya ndizi, maembe, mapapai na matikiti. Wanaoyalima wanajua udongo upi unashika maji na upi unayaachilia. Wanajua mchwa huanza wapi na jivu linawekwa vipi. Wako kina mama wanaokuza miche kwenye vitalu vidogo na kuuza kandokando ya barabara. Mche uliozaliwa katika jua hili hauna haja ya kuzoeshwa jua. Nao wazee wetu wafugaji, ambao hatujawahi kuwaita mafundi, wanaijua miti kuliko kitabu. Muulize ayeeyo wako, nyanya yako, mti gani hubaki na majani Jilaal ikikaza, atakutajia bila kukuna kichwa.

Kuna faida ya pili. Pesa ya kontrakta wa mbali hupanda basi pamoja naye. Pesa ya fundi wa hapa hununua unga katika duka la hapa, na pengine ndiyo inayomlipia karo mwanafunzi anayekaa dawati moja nawe. Mche ukiugua, fundi wa hapa unampata jioni hiyo hiyo. Mcheza kwao hutunzwa.

Lakini nisije nikaonekana napiga debe tu. Wenyeji nao wana makosa yao, na tukiyafumbia macho tutarudi pale pale. Kazi hapa kwetu mara nyingi hutolewa kwa kuulizana, "Huyu ni mtoto wa nani?" Ndiyo maana napendekeza mafundi waulizwe maswali matatu tu, na majibu yaonekane kwa macho. Kwanza, tupeleke tukaone ulichopanda miaka miwili iliyopita. Pili, miche yako umeikuzia wapi? Tatu, Jilaal na likizo utainyweshaje? Asiye na jibu arudi nyumbani, hata akiwa mjomba wangu.

Malipo nayo yagawanywe mara tatu: theluthi moja kazi inapoanza, theluthi ya pili baada ya miezi mitatu, na ya mwisho baada ya mwaka mmoja, miti ikiwa imehesabiwa mmoja mmoja. Mti uliokufa usilipiwe, ama upandwe mwingine. Yaandikwe kwenye karatasi, pande zote mbili zitie sahihi. Jambo hili si geni Kenya. Hayati Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2004, aliwapa kina mama wa vijijini malipo madogo kwa kila mche waliokuza ukapandwa na ukaishi. Neno muhimu hapo ni "ukaishi". Taifa zima lilipewa siku ya mapumziko tarehe 13 Novemba 2023 ili tupande miti, na serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Kupanda ni siku moja. Kuishi ni kazi ya miaka, na anayestahili kulipwa ni yule aliyefanya mti uishi.

Sasa mtaniuliza, uwanja wenyewe utakuwaje? Nitaeleza kwa ufupi jinsi ninavyouona.

Kwanza, tuanze na kivuli wala si mapambo. Tupande mgunga, ambao Wasomali tunauita qurac, kwa ajili ya kivuli kipana. Tupande mkunazi, yaani gob, unaotoa matunda ya kuliwa. Tupande mswaki, yaani caday, ambao kila mtu hapa anaujua mdomoni mwake. Mkwaju nao uwepo. Mwarobaini uwepo pia, lakini usiwe peke yake kama ilivyo katika nusu ya maboma ya mji huu. Mwarobaini ni mti mzuri na mvumilivu, ila mkipanda aina moja tu, siku ugonjwa au mdudu wake akifika mtabaki na kuni.

Pili, kila mti uchimbiwe shimo lenye ukingo wa nusu mwezi, ukingo ukiwa upande wa chini wa mteremko, ili mvua inayokimbia isimame hapo na kuzama. Huko Burkina Faso mkulima Yacouba Sawadogo alirudisha msitu kwenye ardhi iliyokauka kwa kuchimba mashimo madogo na kutia mbolea ndani kabla ya mvua. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya kimataifa kwa kazi hiyo, naye hakuwa na shahada wala trekta. Mbolea ya mbuzi hapa kwetu hainunuliwi, mtu anashukuru ukimwondolea. Juu ya shimo tutandaze majani makavu ili jua lisinyonye maji.

Tatu, na hapa naomba walimu wanisikilize, tutumie maji tuliyo nayo tayari. Kila siku kabla ya swala ya adhuhuri wanafunzi wanatawadha, na maji yote huingia mtaroni. Tukikadiria watu 200, na kila mmoja lita 2, hizo ni lita 400 kwa siku, na lita 2,000 kwa wiki ya siku tano. Miti 60 inahitaji lita 1,200. Kwa hiyo maji ya wudhu peke yake yanatosha na kubaki! Hayana sabuni wala mafuta. Kinachohitajika ni fundi achimbe mfereji mdogo na kuuelekeza mitini badala ya mtaroni. Dini inatukataza israfu, na israfu hii inapita miguuni petu kila siku.

Kwa siku za likizo kuna mabati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la darasa lenye mita 160 za mraba, mvua ikiwa milimita 300 tu, hupokea lita 48,000 kwa mwaka. Hata tukipoteza moja ya tano, zinabaki lita 38,400. Tangi moja la lita 10,000 likijazwa msimu wa Deyr lingeinywesha miti hiyo 60 kwa wiki nane. Hiyo ni sehemu kubwa ya likizo ya Desemba.

Nne, kuhusu vumbi. Najua hoja kubwa ya wanaotetea nyasi ni vumbi, na hiyo ni hoja ya kweli. Sote tumekula vumbi la Garissa. Lakini njia za kupitia zinaweza kuwekwa kokoto, na pembeni zikapandwa nyasi za kienyeji za malisho ambazo hulala wakati wa kiangazi na kuamka mvua ikinyesha. Hizo hazinyunyiziwi. Zitakuwa za rangi ya udongo kwa miezi kadhaa, lakini mizizi yake itakuwa imeshika ardhi. Rangi ya kijani siku zote si sheria ya Mungu.

Wako pia wanaosema, kwa mzaha au kwa kweli, "Kwani mathenge ina ubaya gani? Ni kijani, haitaki maji, haitaki fundi." Jibu langu ni historia. Mathenge ililetwa kutoka nje na kupandwa Bamburi mwaka 1973, kisha katika miaka ya 1980 ikapandwa Baringo na Bura, huko Tana River, kwa nia njema kabisa ya kuzuia jangwa na kupata kuni. Mbuzi wakala maganda yake, wakasambaza mbegu kwa kinyesi, na leo imefunga njia, malisho na kingo za mto. Watu wa Baringo walifungua kesi mwaka 2006, na hata mbuzi aliyepoteza meno kwa kutafuna maganda hayo alipelekwa mahakamani. Mwaka 2008 serikali ikaitangaza kuwa gugu hatari. Mti usiotaka kazi leo unaweza kukutafutia kazi ya miaka hamsini. Kwa hiyo ninaposema bustani isiyo na kazi nyingi, sina maana ya bustani isiyo na mwenyewe.

Tano, mbuzi. Hakuna mpango wa miti Garissa unaofaulu bila kuwataja. Kila mche uzungushiwe miiba kwa miaka miwili ya kwanza, na lango lifungwe. Hili halihitaji waya wa bei ghali. Miiba ya mathenge ipo bure, angalau itufae kwa hilo.

Mwisho kabisa, mtu atasema miti itachelewa na sisi wa Kidato cha Tatu tutakuwa tumeondoka kabla ya kukaa kivulini. Ni kweli. Lakini hata mwarobaini tunaokaa chini yake leo kungoja kengele ulipandwa na watu tusiowajua majina. Kama wangefikiri hivyo, leo tungekuwa tumesimama juani.

Ombi langu kwa Mwalimu Mkuu na Halmashauri ya shule, kwa heshima zote, ni mambo matatu. Tangazo la kubeba maji ya nyasi likomeshwe kabla ya Jilaal ijayo, na maji yatakayobebwa yawe ya kunywa na ya vyoo tu. Mafundi wa bustani wa mji huu waitwe waje waone uwanja na watoe mipango yao mbele ya walimu na viongozi wa wanafunzi. Na mashimo 60 yachimbwe mwezi wa Septemba, ili mvua za Deyr ziyakute wazi. Kuchimba tutasaidia, kila darasa mashimo matano au sita. Tumebeba maji miaka miwili bila kulalamika, jembe litatushinda?

Wenzangu, kama mnakubaliana nami, semeni katika mkutano wa chama. Kama hamkubaliani, andikeni katika jarida la mwakani, ila mje na hesabu zenu.